Zelinsky, mkemia aliyewapa askari pumzi

Nikolay Zelinsky, mkemia wa Urusi, namkubali sana jamani. Alizaliwa 1861 Tiraspol, wazazi wakafa akiwa mdogo, bibi yake ndo akamlea, akasoma Odessa halafu akaenda Ujerumani kwa mkemia Victor Meyer, na huko maabara ndo akatengeneza ile kitu baadae dunia ikaiita gesi ya haradali, sumu ya vitani inayounguza ngozi, ikamuunguza vibaya.

Sasa angalia, 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wanamwaga klorini, gesi ya sumu, watu wanakufa kwa kukosa hewa, na Zelinsky huyohuyo anakuja na mkaa. Mkaa wa kawaida wa mti, ila unachomwa tena kwa moto mkali mpaka unajaa vitundu vidogo mno, sumu inanasa humo na hewa inapita. Mwenzie Kummant, mhandisi, akaleta barakoa ya mpira, wakaunganisha. Na Zelinsky hakutaka kuifanya biashara! Mi hapo ndo huwa namheshimu zaidi ya kemia yenyewe.

Kabla ya hapo, 1911, aliacha kazi Chuo Kikuu cha Moscow pamoja na maprofesa wenzake kumpinga waziri wa elimu, akarudi 1917, akaendelea na utafiti wa petroli na vichocheo (vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemia) mpaka uzeeni. Alifariki 1953, ana miaka 92.