Ogryn mlangoni: mwili mkubwa usiwe kero kwa timu

Ogryn wa Darktide, gemu iliyotoka 2022 ambayo watu 4 huingia misheni pamoja, ni jitu. Wengi wakimchagua hukimbilia kupiga rungu. Kupiga anapiga, lakini thamani yake kubwa iko pale anaposimama.

Chukua mlango. Kundi linamiminika kutoka chumba cha pili, nawe umesimama katikati kama konda aliyening'inia kwenye mlango wa daladala ya Mbagala saa 12 jioni. Mwenzako mwenye bunduki haoni kitu ila mgongo wako. Sogea nusu hatua pembeni, bega moja liguse fremu, halafu uchuchumae wenzako wakianza kufyatua. Maadui bado wanakukuta wewe kwanza, na risasi zinapita juu ya kichwa chako. Kitufe cha kuchuchumaa ndicho Ogryn wengi wamekisahau, na inauma sana kuona timu nzuri ikifa kwa hilo tu.

Ngao kubwa inazuia risasi za mbele. Ukiisimika chini, wenzako wana ukuta wa kujificha, ila huwezi kutembea, na mgongo uko wazi. Moto unaowaka sakafuni haujali ngao, kwa hiyo bomu la moto likitua miguuni, inua ngao uondoke hapo hapo.

Kusukuma kunakula pumzi. Wanaoanza husukuma mfululizo mpaka pumzi inakwisha, kinga inavunjika na kundi linawaangukia. Sukuma mara moja, piga pigo pana, kisha rudi kwenye kinga. Kuua kwa mkono kunarudisha uimara, ule mstari wa buluu unaopokea mapigo kabla ya uhai, na kukaa karibu na wenzako nako kunaurudisha. Ukikimbia mbele peke yako unajinyima vyote viwili.

Crusher, adui jitu mwenye nyundo, akiiinua juu, usishindane naye kifua kwa kifua: kwepa upande, nyundo ipige sakafu, ndipo umpige. Yule adui anayekuja kujilipua, msukume kabla hajafika kwa wenzako. Bora zaidi umwahi akiwa mbali kwa jiwe. Ukiwa umechagua mawe, unabeba hadi 4 na yanarudi yenyewe baada ya muda, basi yatumie. Mtupa nyavu pia ni wa jiwe, maana akikunasa wewe ukuta wote umeanguka.

Mwenzako akidondoka, usimwinamie kwanza. Sukuma walio juu yake, au, kama umeuchagua, tumia ule mngurumo unaowavuta maadui wakugeukie wewe, kisha mtu mwepesi amwinue.

Kwa sisi wa Dar, kabla ya kuanza chagua kanda ya seva yenye ping ndogo, yaani mtandao usiochelewa. Ping ikiwa juu, weka kinga mapema na uishikilie, usisubiri uone pigo. Angalia Luku pia: umeme ukikatika katikati ya misheni, nafasi yako inashikwa na roboti, na roboti hajui kulinda mlango.

Risasi za kuokota njiani waachie wenye bunduki kama wewe umebeba ngao na rungu. Kwenye kituo cha tiba, uliza kwanza nani ana uhai mdogo kabla hujabonyeza.