Saa mbili za kusubiri damu: siku yangu kwenye utafiti wa sukari

Saa 11 alfajiri. Nawapigia simu washiriki wa leo kabla hawajatoka majumbani. Mimi ni muuguzi wa utafiti hapa Dar es Salaam, na tunaowafuatilia ni watu ambao sukari yao imepanda ila haijafika kisukari. Tunataka kujua kama metformini, kidonge cha kushusha sukari, itawazuia wasifike huko. Ili tuwapime, lazima wawe hawajala kwa saa nane au zaidi, maji tu.

"Sijatia kitu mdomoni, mwanangu," ananiambia babu wa Mbagala. "Nimekunywa kachai tu."

Kachai hako kana sukari ya kutosha, basi tunapanga siku nyingine. Huku kwetu chai haihesabiwi kuwa ni kula, ndiyo maana nauliza kitu kimoja kimoja: chai? uji? pipi? dawa ya kikohozi?

Saa 1 asubuhi. Damu ya kwanza. Inaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijivu, ambacho ndani kina floridi. Bila hiyo, chembe za damu huendelea kula sukari humo humo kichupani, na kufika maabara jibu limeshuka lenyewe. Kisha nakoroga gramu 75 za glukosi kwenye maji na kumpa mtu anywe ndani ya dakika tano. Nikitoa glasi wengi hucheka. Wakifika nusu hakuna anayecheka. Mama mmoja leo ameziba pua, akaishusha yote kwa mkupuo, akanitazama kama nimemkosea adabu.

Saa inahesabiwa tangu funda la kwanza. Baada ya saa mbili tunatoa damu tena. Akiwa kati ya milimoli 7.8 na 11.0 za sukari kwa lita, mwili unalemewa na sukari ila si kisukari. Kuanzia 11.1, ni kisukari.

Kipo pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kisichomlaza mtu na njaa. Nacho tunakifanya, lakini kinategemea muda ambao chembe nyekundu zinaishi, na kwenye nchi yenye sikoseli na upungufu wa damu kama yetu, kinaweza kudanganya. Kwa hiyo glasi inabaki.

Saa 2 na nusu. Benchini. Hawaruhusiwi kutembeatembea wala kuvuta sigara, basi ni stori tu. Mwalimu mstaafu ambaye bado anapenda kuuliza maswali ya mtihani ananigeukia.

"Nesi, nimesoma kwamba Wamarekani walishafanya utafiti huu, wakaona mazoezi na chakula vinashinda kidonge. Sasa mimi mnanipa kidonge cha nini?"

Shikamoo, mwalimu! Ni kweli. Matokeo yale yalitoka mwaka 2002: waliobadili mwenendo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, wa metformini kwa asilimia 31. Lakini wale wa mwenendo walikuwa kila mmoja na mshauri wake, masomo 16 ya ana kwa ana, wakifuatiliwa watembee dakika 150 kwa wiki. Nani atamfanyia hivyo mama lishe anayeamka saa 9 usiku? Metformini ni dawa ya bei nafuu. Ushauri wa chakula na kutembea tunawapa wote. Tunachouliza ni kama kidonge kitaongeza kitu juu yake. Mwalimu amenipa alama za wastani.

Saa 3 na nusu. Damu ya pili, kisha chai ya rangi, mihogo na maharage. Tungewapa maandazi tungejiaibisha.

Saa 5. Ridhaa. Mshiriki mpya hajui kusoma. Namsomea fomu yote mbele ya shahidi asiye wa timu yetu, kisha aweke dole gumba mwenyewe. Mumewe kanyoosha mkono aweke saini kwa niaba yake. Nimemrudisha benchini kwa heshima zote.

"Nitapewa dawa au kidonge kitupu, kisicho na dawa?" mama anauliza.

Sijui, na daktari naye hajui. Kompyuta ndiyo inayopiga kura nani apate kipi, na vidonge vyote vina rangi na umbo moja. Wengine tumbo likiwaharibikia hujisifu kwamba wamepata dawa yenyewe. Wa vidonge vitupu nao huharisha.

Saa 7. Kuhesabu vidonge. Tunampa kila mtu vya akiba, kwa hiyo chupa ikirudi tupu kabisa inanipa mashaka. Dada mmoja kaniambia taratibu kwamba anagawana na mdogo wake mwenye kisukari. Sikumgombeza, kwani nikimgombeza mwezi ujao atanidanganya. Nimeandika, na mdogo mtu nimemwandikia barua aende kliniki leo hii, asije akawa anameza unga mtupu.

Saa 9. Simu: mshiriki kalazwa kwa malaria. Haihusiani na kidonge, lakini taarifa lazima ifike ndani ya saa 24. Wenzangu hunung'unikia makaratasi haya. Mimi nakumbuka utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada: walishusha sukari ya wagonjwa wa kisukari kwa nguvu wakidhani wanaokoa mioyo, na mwaka 2008 sehemu hiyo ikasimamishwa kwa sababu waliokuwa wanakufa humo ni wengi zaidi. Isingekuwa kuhesabu kila kifo, wangeendelea.

Saa 10 na nusu. Majibu ya maabara. Mwalimu ana 11.6.

Nimempigia. Kanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo nilikuwa wa kidonge kitupu?" Nimemwambia hata metformini haimkingi kila mtu, na bahasha yenye siri ya nani kapewa nini haifunguliwi kwa ajili ya jibu moja. Tena utaratibu ni kurudia siku nyingine kabla ya kuliita kisukari. Likithibitika, anaingia kliniki na kuanza matibabu.

"Alhamisi," kasema. "Ila hiyo glasi yenu mtie ndimu."

Nimeuliza. Hairuhusiwi.