Bolti ya Spana ya 12

Juni ya Mbeya si mwezi wa kushika chuma asubuhi. Mwaka 2011 nilikuwa na miaka 21, utingo wa mjomba kwenye Canter ya turbo iliyokuwa ikishusha viazi kutoka Isyonje hadi Mwanjelwa. Jumapili moja, mjomba alipokwenda ibada ya Moraviani, nikaamua kumfurahisha. Gasketi ya kiwiko cha ekzosi, pale kinapofungwa kwenye turbo (ile feni inayozungushwa na moshi ili iisukumie injini hewa), ilikuwa imeungua. Tukipanda kutoka Uyole moshi ulikuwa unaingia kebini mpaka macho yanawasha. Gasketi mpya ilikuwa na wiki nzima nyuma ya kiti, na mimi nilijihesabu fundi.

Kufungua kulikwenda vizuri. Kufunga ndiko kulikoniponza. Bolti ya chini, ile iliyojificha upande wa bloku, sikuianza kwa vidole; nilitia spana ya 12 moja kwa moja, na tundu sikulisafisha. Ikashika kombo. Mwenye akili angeirudisha nyuma. Mimi nikaenda kwa jirani aliyekuwa anajenga, nikachukua kipande cha bomba la maji, nikakivika kwenye spana. Ikakaza, ikakaza, halafu mkono ukaenda bure, kama mtu anayevuta ng'ombe kumbe kamba imekatika.

Bomba nikalirudisha. Mjomba aliporudi nikamwambia uzi wa tundu la bolti hiyo uliliwa siku nyingi, bila shaka na mafundi wa mwenye gari wa kwanza. Akavua koti la ibada, akalitundika. "Haya," akasema.

Jumatatu tukaenda kwa mzee mmoja Mafiati, mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, mstaafu wa reli ya TAZARA. Ujana wake alikuwa ameshika kazi na Wachina wakati reli inajengwa, na mpaka siku hiyo alikuwa anahesabu milimita kwa Kichina akiwa peke yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yalikuwa kwenye bolti niliyoishika. Akaichukua, akavaa miwani, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni.

Katikati ya nyuzi zake kulikuwa kumejaa unga wa chuma, wa kijivu, unang'aa. Akaukwangua kwa ukucha, akaupaka kwenye kidole gumba. Uzi ulioliwa zamani ungeacha kutu au masizi. Huu ulikuwa mpya. Hata pembe za kichwa cha bolti zilikuwa zimeviringika upande mmoja tu, upande wa kukazia. Akanitazama juu ya miwani, muda mrefu kidogo.

"Turbo ishuke," akasema.

Nilikuwa natumaini atatoboa ikiwa palepale kwenye injini. Hakutaka hata kusikia. Drili ya mkononi hupotoka, na unga wa chuma ukidondokea kwenye gurudumu la turbo, ambalo likikolea huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, utanunua nyingine. Nikafungua paipu za oili, nikaishusha, yeye akaziba midomo yake yote kwa matambara.

"Si tutanue tundu tu tutie bolti nene zaidi, ya milimita 10?" nikajitia ujuzi.

"Na tundu la kiwiko utalitanua pia? Na mwakani ukifungua, ule uzi mwingine?"

Alitaka stadi, bolti isiyo na kichwa, yenye uzi pande zote mbili. Stadi ikishaingia kwenye turbo haitoki tena; kinachofunguliwa na kufungwa ni nati, na nati ikifa inanunuliwa nyingine. Akachukua bolti chakavu ya lori, ngumu, akaikereza iwe na ngazi: upande mmoja milimita 10, mwingine 8, ili kiwiko kiingie kama zamani. Wapo wanaotia uzi wa springi, ule wa waya uliozungushwa. Yeye hakuupenda karibu na ekzosi, mahali ambapo chuma huiva chekundu mlimani. Mimi baadaye nimeutumia sana kwenye aluminiamu na sina lawama nao, lakini kwa pale nadhani mzee alikuwa sahihi.

Akafunga turbo chini ya drili ya kusimama, akaipima kwa pembe mraba mara tatu, akatoboa kwa biti ya 8.5. Chuma cha kumimina hakitoi nyuzinyuzi; kilitoka unga mweusi kama ugoro, akawa anaunyonya kwa sumaku. Kisha akanipa mimi tepu, vile vyuma vya kuchonga uzi ndani ya tundu. Zilikuwa tatu, ya kwanza imechongoka, ya mwisho butu. Nilipaka grisi ili unga uugande. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kila nilipotaka kuunganisha mizunguko miwili, aligonga meza kwa kalamu. Mikono yangu ilikuwa inatoka jasho kwenye baridi ile.

Stadi iliingia kwa vidole mpaka mwisho. Kiwiko, gasketi, nati ya shaba. Kabla ya kuwasha akamimina oili safi kwenye tundu la juu la turbo, isianze kavu. Injini ikanguruma, tukapitisha viganja kuzunguka kiwiko. Hakuna kilichopuliza.

Mjomba akalipa, akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo, mzee, huu uzi ulikuwa umeliwa siku nyingi?"

Mzee alikuwa anafuta mikono. "Gari ni la siku nyingi," akajibu. Akachukua ile bolti mezani, akaiweka kwenye kiganja cha mjomba.

Mjomba akaiweka juu ya dashibodi. Mchana uleule tukaelekea Isyonje kupakia. Kila kona bolti ilibingirika, kulia, kushoto, ikigonga kioo. Sikuthubutu kuishika. Tulipokaribia kufika, ukungu umeanza kushuka barabarani, mjomba akapunguza mwendo.

"Lile bomba ulilitoa wapi?"