Blanketi la viraka: kona zimekubali kukutana

Jana saa tano usiku niliunga mstari wa tatu na wa nne, nikageuza upande wa mbele, nikachungulia kona moja baada ya nyingine. Zote tisa zimekutana. Nikamwamsha mume wangu aje aone. Akatazama, akasema "vizuri," akarudi kulala. Kwa hiyo nimekuja kuwaambia nyie mnaojua maana yake.

Kwa asiyefuatilia tangu mwanzo: ni viraka 140, kumi kwa kumi na nne, vya kanga na mabaki ya vitenge, na nyuma shuka la pamba. Katikati sijaweka kitu. Kwa joto hili la Tanga, blanketi la kujaza ni adhabu.

Sasa tuje kwenye kilichonitoa jasho. Kila kiraka nakata sentimita 16 kwa 16, mshono unakula sentimita moja kila upande. Mstari wa viraka kumi unatakiwa utoke 142. Wa kwanza ulitoka 139, wa pili 144. Nikajidanganya kwamba nikivuta huku na kubana kule vitalingana. Vikalingana kweli, lakini kitambaa kikakunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nikafumua. Mstari huo mmoja nimeufumua mara tatu, mpaka kanga ya manjano ikaanza kuchanika pembeni.

Nikaisingizia cherehani. Fundi jirani akaja, akasafisha meno ya mashine yanayosukuma kitambaa, akatia mafuta, akashona kipande cha majaribio, kikanyooka kama rula. "Dada, mashine yako haina neno." Hata hela hakutaka, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kumbe ni patani, kile kipimo ninachokatia viraka. Niliikata kwenye boksi la sabuni, na baada ya kuizungushia chaki mara mia hivi, pembe zilikuwa zimelika. Chaki nayo butu, inachora mstari mnene. Leo nakata ndani ya mstari, kesho nakata nje. Nikachukua viraka vya wiki ya kwanza nikavilaza juu ya vya wiki ya nne, nikatamani kulia. Milimita moja ukiiangalia si kitu. Lakini ikikaa pande zote mbili za mshono ni mbili, na mstari una mishono tisa. Hapo karibu sentimita mbili zimeshaondoka na hakuna aliyeiba.

Nikaenda kwa fundi wa fremu za picha akanikatia kioo cha 16 kwa 16 na kusaga kingo zisinikate. Jamani, tafuteni kioo! Hakiliki, na unaona ua la kitambaa chini yake, unaliweka katikati unavyotaka. Chaki nimeitupa, natumia kile kipande cha sabuni ya kuogea kinachobaki chembamba mwishoni: mstari wake ni mwembamba, na ukifua hauonekani tena. Kwenye bamba la cherehani nimebandika plasta, sentimita moja kutoka kwenye sindano, kitambaa kinapita kinaigusa.

Halafu pasi. Nilikuwa nalaza mishono popote inapopenda. Sasa mstari mmoja mishono yote inalala kushoto, unaofuata yote inalala kulia. Ukiilaza mistari hiyo pamoja, vidole vyenyewe vinasikia mshono umeingia kwenye ubavu wa mwenzake na kukaa. Unachoma pini hapo hapo, basi. Kona haina pa kukimbilia.

Mtu aliniuliza kwa nini sinunui cherehani ya umeme. Niliazima moja. Inakimbia kabla sijafikiri. Ya miguu nikifika kwenye kona nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu moja, tundu jingine, na umeme ukikatika haijali.

Jambo la haraka kuhusu vitenge: choma uzi kabla hujakata. Ukinuka karatasi na kuacha majivu, ni pamba. Ukiyeyuka na kuwa kidonge kigumu, weka pembeni, utakuja kugandia kwenye pasi. Mimi nimeshapoteza viraka vinne hivyo.

Mpango ulikuwa wiki hii nianze kushona kwa mkono kufuata mishono, mbele na nyuma zishikane. Sijaanza, na kosa ni la bibi. Alikuwa anasoma mistari niliyotandika sakafuni. Majina ya kanga nilikuwa nimeyakata bila kuangalia, kiraka kimoja kina NANI, kingine kimebaki na HAUOZI, na nimevishona jirani. "Nani hauozi," akasoma kwa sauti, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mwenyewe sikuwa nimeona. WEMA na KAMA MAMA bado vipo kwenye kikapu.

Basi hiyo kazi ya mkono nimeiacha kwanza, sasa nataka mstari mzima wa katikati uwe vipande vya majina, uyasome yakiwa yamechanganyika. Nina vitano, vinahitajika kumi. Mama ana kanga moja ya zamani iliyoandikwa Mali ya Abdulla, ile chapa ya kanga ya Mombasa. Hiyo hata kuiomba nimeogopa. Shangazi ana JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, ambayo ingenitolea viraka viwili vizuri sana. Ameniahidi, ila bado anaivaa. Jumapili nilimkuta nayo kiunoni anapara samaki, nikakaa kimya.