Switchfoot: Sauti Iliyokomaa Pamoja na Imani

Anayetaka kusikia jinsi imani inavyokomaa ndani ya muziki na ausikilize wimbo mmoja wa bendi ya Switchfoot uliorekodiwa mara mbili. "Dare You to Move" ulitoka kwanza mwaka 2000 katika albamu ya Learning to Breathe, kisha ukarekodiwa upya kwa ajili ya The Beautiful Letdown ya mwaka 2003. Ujumbe haukubadilika: aliyeanguka anahimizwa ainuke. Toleo la kwanza ni jepesi na linapendeza. Katika la pili gitaa linaanza polepole, Jon Foreman akiimba kwa sauti ya chini, na kiitikio kinapofika magitaa yanaingia kwa uzito wote, hata msikilizaji akaamini kwamba mwimbaji huyu anaijua gharama ya kuinuka.

Bendi hiyo ilianzia San Diego, Marekani, mwaka 1996, ikiwa na watu watatu tu: Jon, mdogo wake Tim kwenye besi, na Chad Butler kwenye ngoma. Baadaye Jerome Fontamillas alileta kinanda, naye Drew Shirley akaongeza gitaa. Albamu ya mwaka 2003 iliuza zaidi ya nakala milioni 2, ikapigwa kwenye redio zisizokuwa na uhusiano wowote na kanisa, na wapo waumini waliohofu kwamba bendi imeuacha wokovu kwa ajili ya soko. Wanamuziki wenyewe wamekuwa wakieleza kwamba wao ni Wakristo kwa imani, si kwa aina ya muziki, na mimi nakubaliana nao kabisa. Hapa Mombasa nimeona faida ya msimamo huo. Kijana mmoja wa Kisauni, Mwislamu, ambaye hangesimama hata dakika moja kusikiliza nyimbo zetu za kuabudu, aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kupiga mwanzo wa "Dare You to Move", tukaishia kuzungumza juu ya toba mpaka magharibi ikaadhiniwa.

Albamu ninayoithamini zaidi, hata hivyo, ni Nothing Is Sound ya mwaka 2005, ingawa wengi huiona nzito mno. Kila niisikilizapo namkumbuka Mhubiri wa kwenye Biblia na ule ubatili wake mtupu, kwa kuwa bendi inathubutu kutaja huzuni na utupu wa mafanikio bila kukimbilia jibu kabla wimbo haujaisha. Imani changa huogopa kimya cha namna hiyo. Baada ya hapo waliachana na kampuni kubwa ya kurekodi, wakajenga studio yao, wakaandaa nyimbo zaidi ya 80 na kuchagua 12 tu kwa ajili ya Hello Hurricane ya mwaka 2009, albamu inayoikabili dhoruba kwa upendo na iliyowapatia tuzo ya Grammy mwaka 2011.

Hizo nyimbo zilizoachwa ndizo ninazozitaja kila mara kwa vijana wa kikundi chetu cha sifa huko Changamwe, ambako mimi hupiga besi, kwa sababu tumezoea kuongeza sauti ya spika pale ambapo maneno hayajaiva. Tunao wimbo wetu mmoja unaohusu msiba, na ubeti wake wa mwisho unafariji haraka mno. Nimewaomba tuuondoe ubeti huo, wimbo tuuimbe hivyo ulivyobaki.