Insulini Iliyoganda Njombe

Julai 2019 nilisafiri na mdogo wangu wa kiume kutoka Tanga kwenda Njombe, kwenye harusi ya binamu yetu. Alikuwa na miaka 16, kilo 48, na kisukari cha aina ya kwanza tangu akiwa darasa la tatu. Alitumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30 yenye rangi ya maziwa: yuniti 24 asubuhi na 12 jioni, nusu saa kabla ya kula. Sindano nilikuwa nikimchoma mimi.

Sisi watu wa pwani tukibeba insulini tunaogopa kitu kimoja tu, joto. Nyumbani chupa inayotumika hukaa ndani ya kikopo kinachoelea kwenye mtungi wa maji. Njia nzima nililinda chupa zetu mbili kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, nimezizungushia kitambaa ili barafu isiziguse, na pale Ruaha Mbuyuni, ambako hewa ya dirishani ilikuwa ikiunguza uso, nilifungua kuziangalia mara tatu. Kisha basi likapanda Kitonga. Makambako tulipobadilisha gari tayari tulikuwa tumevaa masweta.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa saba, chumba chenyewe cha gesti kilikuwa friji. Insulini inayotumika hukaa salama nje ya friji kwa takriban wiki nne mradi joto lisizidi nyuzi 25, na chumba kile hakikukaribia nyuzi hizo hata saa saba mchana. Ningeziacha chupa kwenye kabati tu. Badala yake nilimkabidhi mhudumu wa mapokezi chupa zote mbili ndani ya kikopo, nikamwambia, "Naomba uniwekee kwenye friji, ni dawa, isipate joto." Naye kwa wema kabisa akakiweka juu, kwenye chumba cha barafu.

Ijumaa asubuhi chupa zote mbili zilikuwa ngumu kama jiwe. Nikazishika kwapani mpaka zikayeyuka, nikabingirisha moja kati ya viganja kama tulivyofundishwa kliniki, ikarudi kuwa nyeupe, nikavuta yuniti 24. Sikujua kwamba insulini iliyoganda imekwisha kazi hata ikiyeyuka. Protini yake hushikamana na kujikunja vibaya, na hakuna kupasha moto kunakoirudisha. Wakati mwingine chupa huonekana nzima kabisa, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi kuamua. Ikishajulikana kwamba iliganda, inatupwa.

Mashine ya kupima sukari nayo ilituangusha. Asubuhi zote mbili, Ijumaa na Jumamosi, ilionyesha alama ya kipimajoto na kukataa kusoma. Mashine nyingi za aina ile hazifanyi kazi chini ya nyuzi 10. Dawa yake ni kuiweka ndani ya nguo pamoja na vijiti vyake kwa muda wa dakika 20, na kunawa mikono kwa maji ya moto, maana kidole chenye baridi hakitoi tone la kutosha. Sisi tulidhani betri imekufa, na kwa shughuli za harusi tukasema tutanunua kesho.

Dalili zilikuwepo. Ijumaa usiku alitoka kukojoa mara tano kwenye baridi ile, akarudi kila mara kunywa maji. Jumamosi alikuwa mlegevu, tumbo likamuuma, jioni akatapika. Mmoja akasema ni uchovu wa safari, mwingine akasema malaria ya Tanga imemfuata. Shangazi, akijua mgonjwa wa sukari akilegea hupewa kitu kitamu, akampa soda nzima. Soda ingefaa kama sukari ingekuwa imeshuka, yaani jasho jembamba, kutetemeka, njaa. Kiu, mkojo mwingi na kutapika ni upande wa pili kabisa.

Saa kumi alfajiri ya Jumapili niliamshwa na pumzi zake. Alikuwa akivuta hewa kwa nguvu na kwa kina, bila kupumzika, kama mtu aliyetoka kukimbia, na kinywa kikinukia tunda lililoiva kupita kiasi. Ile haikuwa pumu wala nimonia. Damu ilikuwa imejaa asidi, na mwili ulikuwa ukijaribu kuitoa kwa njia ya mapafu. Baba mwenye gesti akatafuta bajaji, tukamfunga mablanketi mawili.

Chumba cha dharura walipima mambo manne kabla ya kumaliza kuandika jina: mapigo 132, pumzi 34 kwa dakika, presha 90 kwa 60, na sukari. Kwenye sukari mashine haikutoa namba, iliandika HI, maana yake imevuka milimoli 33.3 kwa lita. Mkojo ulikuwa na ketoni alama tatu, yaani zile asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Kipimo cha malaria hakikuona kitu.

Mishipa ilikuwa imejificha kwa ukosefu wa maji na kwa baridi. Sista alijaza glavu maji ya uvuguvugu, akaifunga, akailaza juu ya mkono wa mdogo wangu kwa dakika chache, ndipo kanula, kile kijimpira cha dripu, ikaingia mshipani. Wakati huo daktari alikuwa akiniuliza: insulini gani, yuniti ngapi, ya mwisho saa ngapi, imetunzwa wapi? Daftari la kliniki lilijibu matatu ya mwanzo. La nne nilimjibu kwa kumpa chupa. Aliibingirisha taratibu, akaiinua kwenye taa, akanionyesha. Kwenye ukuta wa kioo palikuwa na chembe nyeupe zimeganda kama umande wa asubuhi kwenye bati, na nyingine zilielea katikati.

"Dada, hii mmeigandisha?"

Kilichofuata kilinishangaza, kwa sababu nilitegemea sindano ya insulini papo hapo. Walianza na maji. Lita moja ya dripu ya chumvi iliachiwa wazi ndani ya saa ya kwanza, na damu ikapelekwa maabara kuangalia potasiamu. Daktari alinieleza huku akiandika: insulini husukuma potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye chembe hai, na kama tayari iko chini ya 3.3, kuanza insulini kunaweza kusimamisha moyo. Jibu lilirudi 4.1, na mkojo ulikuwa unatoka vizuri. Sasa kazi ikaanza.

Hawakuwa na pampu ya kuendesha insulini, kwa hiyo walihesabu. Yuniti 50 za insulini ya kawaida, ile angavu kama maji, ziliwekwa kwenye nusu lita ya dripu ya chumvi. Mililita 50 za kwanza zilipitishwa kwenye mpira na kumwagwa, kwa sababu insulini hunata kwenye plastiki na mgonjwa angepata pungufu. Alihitaji yuniti 5 kwa saa, sawa na mililita 50, na kwa mpira wa matone 20 kwa mililita hayo ni matone 17 kwa dakika. Sista alisimama na saa ya mkononi, akahesabu dakika nzima, akageuza kigurudumu kidogo, akahesabu tena. Kila alipopita alirudia, maana mgonjwa akikunja mkono tu, matone hubadilika. Dripu ya pili, kwenye mkono mwingine, ilikuwa ya maji yenye ampuli mbili za potasiamu katika lita moja. Ampuli hizo hazichomwi moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja.

Sukari ilipimwa kila saa: 29, 25, 21. Niliomba waongeze kasi. Daktari akakataa kwa upole, kwamba ikishuka ghafla ubongo wa kijana wa umri ule unaweza kuvimba. Ilipofika 13.6 wakaongeza dripu ya dekstrosi, yaani maji ya sukari, huku insulini ikiendelea. Hapo ndipo wengi hukosea wakaifunga insulini, wakati ketoni bado zimo na zitapanda tena.

Jumatatu asubuhi alikunywa uji, akachomwa sindano ya chini ya ngozi, na dripu ya insulini ikaondolewa saa moja baadaye, si kabla. Shangazi alikaa mlangoni na chupa ya chai isiyo na sukari, akimsalimu kila sista aliyepita: "Kamwene."

Jumatano tulirudi na chupa mbili mpya, moja kwenye mkoba wangu na nyingine kwenye wa kwake. Kutoka Njombe hadi juu ya Kitonga zilikaa ndani ya soksi tu, bila barafu. Tulipoteremka na joto kuanza kuingia dirishani, nililowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, nikakikamua, nikazungushia soksi.