Kengele ya Kambini: Wiki Tisa Zangu Michigan

Asubuhi yangu ya kwanza kwenye kambi ya watoto huko Michigan, Marekani, kengele ililia, nikakurupuka kitandani moyo unanidunda. Ilikuwa ya chai tu. Lakini mimi ni mtoto wa Kisauni, Mombasa, na mtu wa Kisauni amekua akipita Kengeleni kila siku, akisimuliwa tangu utotoni kwamba kengele ile ya Frere Town iliwekwa kuwaonya watu kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Nilikaa kitandani nikicheka na huku machozi yananitoka. Kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, mama yuko jikoni, na mimi niko peke yangu kwenye msitu wa misonobari.

Nianze na safari, maana vijana wengi wa Pwani huliwa pesa zao hapo. Nilikwenda kwa viza ya J-1, ile ya walezi wa kambi za watoto za kiangazi, ambayo haizidi miezi minne. Wakala mmoja mjini alinitaka shilingi 60,000 za kile alichokiita kufungua faili. Mchungaji wetu alinizuia. Tukakaa na simu yake ofisini kwake, tukasoma wenyewe, tukakuta kwamba fomu ya DS-2019, ambayo bila hiyo huombi viza, hutolewa tu na mashirika yaliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti. Wakala yule hakuwamo. Niliandikia shirika lililokuwamo, nikahojiwa kwa video mara mbili, kisha kambi ikanichagua. Nililipa dola 185 za viza, dola 35 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa viza kama yangu, na shilingi 1,050 za cheti cha tabia njema. Hizo niliziweza. Nauli ndiyo iliyonitoa jasho.

Kanisa lilifanya harambee baada ya ibada, Jumapili mbili. Jirani yetu, mama wa Kiislamu anayeuza mahamri pale kona, alimwita mama akamkabidhi bahasha. "Huyu ni mwanangu pia," alisema, "mwambieni asisahau kurudi." Nikapanda treni ya usiku hadi Nairobi, asubuhi nikawa Gigiri, kwenye ubalozi wa Marekani. Afisa aliniuliza kwa nini nataka kambi ya Kikristo na si nyingine. Nikamwambia nimefundisha shule ya Jumapili miaka minne, na watoto ndio kazi ninayoisomea, kwani niko chuo cha ualimu na muhula wangu unaanza Septemba. Hayakufika maswali sita. Juni nikapaa kupitia Addis Ababa hadi Chicago, halafu basi.

Michigan ina maziwa ya ndani zaidi ya 11,000, na kambi yetu ilikuwa kando ya mojawapo. Nilijiona mwogeleaji, maana nimejifunzia baharini Nyali. Siku ya majaribio nikagundua kwamba maji ya chumvi yalikuwa yakinibeba bila mimi kujua. Ya ziwa hayabebi mtu, na mwezi wa Juni ni baridi kama yametoka kwenye friji. Nilifaulu mara ya pili. Anayetoka Pwani ajue hilo mapema.

Masharti yalikuwa mengi na niliyapenda. Mtu mzima haruhusiwi kukaa na mtoto mmoja peke yao mahali pasipoonekana. Watoto wakifika hukaguliwa chawa, na dawa zao zote hukabidhiwa nesi. Ukutani jikoni kuna majina ya watoto ambao karanga zinaweza kuwaua. Simu za watoto hubaki nyumbani, na za walezi hufungiwa ofisini hadi siku ya mapumziko. Natamani makambi yetu ya likizo ya Agosti yachukue angalau lile la kwanza.

Nilipewa kibanda cha mbao chenye wasichana kumi wa miaka minane hadi kumi, tukiwa walezi wawili. Kila wiki kundi jipya. Mchana hakuna shida: mitumbwi, ufundi wa mikono, Biblia chini ya miti. Shida ni usiku, na usiku wenyewe hauji. Jua linazama karibu saa tatu na nusu, nami nimezoea giza la saa moja. Watoto wanalazwa huku nje kungali kweupe, na hapo ndipo kila mmoja anapokumbuka mama yake.

Wiki yangu ya pili, mtoto wa miaka tisa alilia usiku mara tatu mfululizo. Nilifuata tulivyofundishwa: usimwahidi simu, usimdharau, mpe kazi. Haikusaidia. Usiku wa nne nilitoa leso yangu, yaani kanga, kwenye begi, nikamfunika mabegani, taa ya varandani ikiwaka na mwenzangu ameketi mlangoni. Akapitisha kidole kwenye maandishi, akauliza yanasemaje. MUNGU HAMTUPI MJA WAKE. Nikamtafsiria. Akauliza mja ni nani. Nikamwambia ni wewe, na ni mimi pia, kwa sababu mimi mwenyewe nimelia jana. Alinitazama sana. "Na wewe ni mkubwa?" Ndiyo, na mimi ni mkubwa. Akalala na ile leso, na akaendelea kulala nayo hadi Jumamosi.

Tangu hapo niliacha kujaribu kuwa mlezi wa Kimarekani. Nyimbo zao za kuruka na kupiga kelele zilinishinda, nikafundisha mapambio yetu, na makofi yake. Mpishi aliniachia jikoni alasiri moja, nikapika mahamri ya tui na hiliki, hayakubaki. Na zamu yangu ya kusimulia kwenye moto ilipofika, nilisimulia Kengeleni.

Niliwaambia kwamba miaka ya 1870 wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walianzisha kijiji bara ya Mombasa kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Nikawaambia baadhi ya waliojenga maisha pale walikuwa Waafrika waliolelewa Nasik, India, baada ya kukombolewa, na kwamba kengele ilipolia watu waliacha kila kitu. Moto ulikuwa ukipasuka, watoto mia moja na zaidi wametulia tuli. Kisha yule mtoto wa leso akanyoosha mkono.

"Na aliyekuwa mbali, asiyesikia?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitamuuliza nyanya yangu. Jumamosi wazazi walikuja, akaondoka akiwa ameshika mkono wa mama yake, leso amenikunjia vizuri juu ya kitanda. Mimi nilipata simu yangu saa nane mchana. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, nyanya yuko Rabai, karibu kulala.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?"

Nikamweleza swali la mtoto. Akanyamaza, nikadhani laini imekatika.

"Kwani ukiwa shambani mbali," akasema, "huoni wenzako wakikimbia?"

Jioni hiyo niliandika barua kwa Kiingereza, sentensi nne, nikaweka jibu la nyanya kama alivyolisema. Ofisi ya kambi ndiyo iliyokuwa na anwani, nikawapa waitume. Kundi jipya lilifika siku iliyofuata, wasichana kumi, nikaanza kukagua chawa.